Tamasha la Geti

Saa moja na robo asubuhi, Jumanne, mteja wa kwanza wa saluni alikuwa amesimama upande wa pili wa geti, nusu ya nywele zake zimefumuliwa na nusu bado. Mkono mmoja ulishika nondo, wa pili ulishika kitambaa cha kichwa. Saluni aliiona vizuri: mlango uko wazi, kiti kimeshapanguswa, msusi amesimama kizingitini na kitana mkononi.

"Unakwenda kwa nani?" mlinzi aliuliza.

"Si nimeshakwambia? Naenda kusuka. Pale."

"Pale si eneo langu. Mimi nalinda huku."

"Ndiyo nakwambia nifungulie nitoke kwenye eneo lako."

Mlinzi alilifikiria jambo hilo. "Kutoka hakuna shida. Swali ni uliingiaje."

"Nimeshuka kwenye basi barabarani, nikatembea kwa miguu yangu."

"Basi umeingia bila kuandikishwa. Rudi ulikotoka, kisha zunguka kwa chini."

Kuzunguka kwa chini maana yake ilikuwa kupita nyuma ya jalala, kuvuka mfereji na kupanda tena. Mteja alikuwa karani wa duka la dawa na alitakiwa kazini kabla ya saa tatu. Alimpungia msusi mkono, msusi naye akampungia kitana. Kisha akajifunga kitambaa chake na kurudi barabara kuu, kichwa kimeinuka upande mmoja.

Geti lilikata barabara ya mtaa katikati. Juu yake kulikuwa na nyumba zenye kuta, mpaka barabara kuu. Chini yake kulikuwa na vyumba vya kupanga na maduka madogo, mpaka mfereji. Liliwekwa baada ya magari matatu ya watu wa juu kung'olewa vioo vya pembeni ndani ya wiki moja. Hakuna aliyekamatwa, kwa hiyo watu wa juu walikubaliana kwamba wezi walitoka chini.

Nyumba ya msusi ilikuwa ya kwanza upande wa chini. Saluni ilikuwa kwenye baraza ya mbele, na uani kulikuwa na karakana ya mumewe. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na geti lilikuwa kazi ya mikono yake. Watu wa juu walimwita Fundi. Watu wa chini walimwita Fundi Geti, na hawakuwa wanamsifu.

"Leo umepata wangapi?" Fundi alimuuliza mkewe mchana, akinawa mikono.

"Mmoja. Amerudishwa na geti lako."

"Si langu. Mimi nililitengeneza tu."

"Sawa. Na mimi watoto wako niliwazaa tu."

Mama yake Fundi, aliyekuwa akichambua mchele mlangoni, alicheka mpaka akakohoa. Yeye alikuwa upande wa mkwe wake katika mambo mengi, lakini kwa geti alishindwa. "Mwanangu ana mkono," alisema. "Lingekuwa geti baya, huyo mteja angekuwa ameshapita."

Lilikuwa geti zuri kweli. Nondo zilipangwa kwa nafasi sawa, mishono imesagwa mpaka haionekani, rangi ya kijani imepigwa mara tatu. Fundi alikuwa na tabia ya kuligusa kila alipopita karibu nalo, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

Msusi alifikiri siku nne. Wateja wake wa pesa ya maana walikuwa wanawake waliotoka kazini kwa barabara kuu, na wake wa nyumba za juu ambao zamani walishuka kwa kandambili, wakasuka, wakarudi. Wote walikuwa nyuma ya nondo. Wa chini walikuja, lakini walisuka mara moja kwa miezi miwili na kuomba wamalizie malipo mwisho wa mwezi. Alipiga hesabu yake bila kumshirikisha mtu: mambo yakiendelea hivi, atafunga saluni kabla ya shule kufunguliwa.

Ndipo akafikia wazo la tamasha. Hakulitoa mbali: mteja mmoja alimsimulia habari za mtaa fulani uliokuwa na ugomvi, wakafanya sherehe barabarani, wakala pamoja, wakapatana. Msusi hakuvutiwa na kupatana. Alivutiwa na neno barabarani. Watu hawawezi kusherehekea barabarani kukiwa na geti katikati yake. Hakuhitaji wapendane. Alihitaji wapite.

*

Mwenyekiti wa watu wa juu alijulikana kwa jina la Mstaafu. Alikuwa amestaafu kutoka ofisi ambayo majirani hawakuijua ilishughulika na nini, lakini aliondoka huko na namna yake ya kuongea. Msusi aligonga mlango wa mbele, akasikia sauti ikimwelekeza mlango wa pembeni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Kama ni habari za nywele, mama hayupo."

"Si nywele, mzee. Nimekuja na wazo la mtaa."

Mstaafu alibaki kizingitini. Mtumishi alileta maji kwenye kikombe cha plastiki cha bluu, kile wanachonywea wapaka rangi. Kilikuwa bado na tone la chokaa ukingoni. Msusi alishukuru, akanywa kupitia upande mwingine, akaeleza.

"Tamasha la nini hasa?" Mstaafu aliuliza.

"La umoja, mzee."

"Umoja upo. Tangu geti liwekwe hakuna aliyegombana na mtu."

"Ni kweli mzee. Kwa sababu hakuna anayeonana na mtu."

Mstaafu alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Na tamasha kama hilo, kwa kawaida, hufunguliwa na nani?"

"Nani mwingine mzee, kama si wewe?"

"Itabidi iundwe kamati," alisema Mstaafu, na msusi akajua wazo lake limekubaliwa na halikuwa lake tena.

*

Kikao kilifanyika saluni, kwa sababu Mstaafu hakuona sababu ya kwenda chini zaidi ya hapo, na watu wa chini hawakutaka kuandikishwa na mlinzi. Mstaafu yeye alifunguliwa geti. Alikaa kwenye kiti cha wateja, ambacho ndicho pekee kilichokuwa na mikono, na kofia ya mashine ya kukausha nywele ikabaki imening'inia juu ya kichwa chake kikao kizima.

Upande wa chini uliwakilishwa na Mama Wapangaji, mwenye vyumba kumi na vinne vya kupangisha na sauti ya kuvifikia vyote bila kuinuka. Alikuja na wanaume wawili ambao kazi yao ilikuwa kuitikia.

"Ajenda ya kwanza," Mstaafu alisema, "ni ulinzi siku ya tamasha."

"Ulinzi dhidi ya nani, mzee?"

"Kwa ujumla tu."

"Huyo Kwa Ujumla anakaa chumba namba ngapi? Maana wapangaji wangu mimi nawajua wote."

Wale wanaume wawili waliitikia. Mstaafu akaivuka ajenda ya kwanza. Ajenda ya pili ilikuwa muziki. Watu wa juu walitaka uishe saa moja jioni. Watu wa chini walisema saa moja ndipo spika zinapata joto. Walikubaliana saa tatu, kila upande ukiamini umeumizwa. Ajenda ya tatu ilikuwa meza kuu, na hapo walikaa saa nzima, kwa sababu meza kuu lazima ielekee upande mmoja, na upande unaotazamwa ni wageni, na upande unaotazama ni wenyeji. Mama yake Fundi alipita na sinia la vikombe vya chai, akasema kwani wasikae kwa duara. Hawakumjibu, lakini ndivyo ilivyoandikwa.

Ikabaki geti.

"Gari la viti na maturubai linatokea barabara kuu," Mstaafu alisema. "Geti litafunguliwa, gari lipite, geti lifungwe."

Mama Wapangaji alisogeza kiti. "Mzee, mimi siwezi kuvaa nguo mpya nikaenda kukaa natazama nondo. Siku hiyo liondolewe. Si kufunguliwa, kuondolewa. La sivyo watu wangu hawaji, mtaunganisha umoja na nani?"

Msusi alikuwa akipanga pini za nywele kwenye kopo, moja moja, bila kuinua macho.

"Kwa siku moja," Mstaafu alisema hatimaye. "Fundi, inawezekana?"

"Kukata bawaba ni kazi ndogo," Fundi alisema.

"Basi imepita. Na ninapendekeza, kwa kuwa nyumba hii inatoa ukumbi, na Fundi anatoa kazi yake, nyumba hii isitozwe mchango. Ninyi ni watu wa katikati. Ni heshima yenu."

Wote wakapiga makofi. Ilikuwa mara ya kwanza juu na chini kupiga makofi kwa jambo moja. Msusi alishukuru. Baadaye, akikusanya vikombe, alikuta Mstaafu hakuigusa chai yake.

*

"Sikiliza baba watoto," alisema jioni ile, mumewe akila. "Utakapolikata, usikate bawaba peke yake. Kata na shingo za nguzo. Waambie nguzo zilikuwa zimeoza kwa ndani, zimepasuka, haziwezi kubeba tena."

"Nguzo zangu hazijaoza."

"Najua hazijaoza. Nasema waambie."

"Watasema nilitumia chuma kibovu."

"Waseme. Watataka kulirudisha, itabidi wachangishane upya, na wewe unawajua kwa michango. Miezi miwili itapita. Watu watakuwa wameshazoea kupita. Mtu akishazoea njia, kumfungia ni ugomvi na yeye."

Fundi alitafuna taratibu. Hakuwa mbishi. Aliona hesabu ya mkewe ilivyokaa, na aliona kwamba ni sahihi. "Sawa," alisema. "Nitakata."

"Na shingo za nguzo."

"Na shingo za nguzo, mama watoto. Nimekuelewa."

Mama yake aliinua macho kutoka kwenye sahani yake, akamtazama mwanawe, akayarudisha. Alikuwa amemlea.

Ijumaa alasiri, siku moja kabla ya tamasha, Fundi alivuta waya wa umeme mpaka barabarani, akavaa miwani na kuwasha grenda. Diski ilizunguka. Aliiinamisha kwenye shingo ya nguzo ya kwanza, pale alipokuwa ameunganisha kwa mshono ambao yeye mwenyewe, akiupitisha kidole, hakuweza kusema unaanzia wapi. Akaizima. Akaiwasha tena, akaizima.

Kisha akaona kitu. Bawaba zingeweza kukatwa upande wa geti tu, zikachongwa, zikaingizwa pini nene kutoka juu. Geti lingeinuliwa na watu wanne likatoka lote, na lingerudi vilevile, bila kuchomelea, bila kupaka rangi upya. Hakuwahi kuona geti la namna hiyo mahali popote. Alirudi karakana akachukua kipande cha chuma cha mviringo, na mpaka jua linakaribia kuzama alikuwa akichonga, akipaka grisi, akipima na kupunguza. Wakati wote huo hakukumbuka kwamba alikuwa na ahadi. Aliikumbuka pini ya mwisho ilipoingia na kutulia mahali pake bila mlio wowote.

"Umekata?" msusi aliuliza alipoingia ndani.

"Geti linatoka kesho," alisema, na jibu hilo lilikuwa la kweli.

*

Tamasha lilianza kwa kuchelewa, na lilianza vizuri. Maturubai mawili yalisimamishwa, la juu jeupe, la chini la rangirangi. Viti, vya kukodi na vilivyoletwa kutoka majumbani, vilipangwa kwa duara kama kamati ilivyoandika, lakini watu walipokaa duara lilikuwa nusu mbili, na katikati ya nusu hizo kulikuwa na viti vitupu pande zote mbili. Kwenye viti hivyo alikaa mama yake Fundi peke yake, na mkoba wake.

Jukwaa lililokodishwa halikufika. Gari lililolibeba liliharibika njiani, au lilikodishwa kwingine; maelezo yalikuwa mawili. Mstaafu alikuwa ameshika hotuba ya kurasa tano na hakuwa tayari kuisoma akiwa amesimama chini. Hapo Fundi akasema linaweza kupatikana jukwaa. Vijana wanne wa juu na wanne wa chini waliitwa, pini zikachomolewa, geti likanyanyuliwa kwenye nguzo zake mbele ya watu wote, likalazwa juu ya matofali na kufunikwa zulia.

Kisha watu wakaacha viti vyao. Walikuja kutoka pande zote mbili, wakainama kwenye nguzo, wakaingiza vidole kwenye matundu ya pini.

"Lirudishe tuone," mtu wa chini alisema.

Wakalirudisha. Wakalitoa tena. Mstaafu mwenyewe aliomba kuchomoa pini moja, akaichomoa, akaiinua juu kama kikombe cha ushindi, na watu wakashangilia. Mwanamume mmoja wa juu, ambaye kwa miezi mingi hakusalimiana na mtu yeyote chini ya geti, alimweleza Mama Wapangaji faida ya grisi. Mama Wapangaji alimuuliza chuma kile ni unene gani. Walizungumza muda mrefu kuliko watu wowote wawili wa pande zile walivyowahi kuzungumza.

Msusi alikuwa ameketi nyuma ya meza ya soda. Aliona pini. Alimtafuta mumewe kwa macho, akamwona amezungukwa, mikono ikieleza, uso unang'aa kama wa bwana harusi. Hakumwita. Alifungua soda, akampa aliyeiomba, akarudisha chenji.

Mstaafu alisimama juu ya geti, akasoma kurasa zote tano. Alisema mtaa ni mmoja. Alisema nyumba ya katikati ndiyo kitovu. Watu wa turubai jeupe walipiga makofi mwishoni mwa kila aya, na wa turubai la rangirangi wakapiga mwishoni mwa hotuba, kwa nguvu zaidi, kwa sababu ilikuwa imeisha. Kisha muziki ukapigwa, watoto wakacheza juu ya geti wakiwa wamechanganyika kwa sababu ukubwa wa zulia haukuwaruhusu kutengana. Saa tatu spika zikazimwa.

Asubuhi ya Jumapili, wakati wa kuhesabu viti, vya watu wa chini vilipungua sita.

"Tumeibiwa!" Mama Wapangaji alitangaza katikati ya barabara. Sauti yake haikuwa ya huzuni. Kwa miezi mingi walikuwa wezi. Sasa walikuwa watu wenye mali. "Na sisi tumeibiwa! Viti vyetu vimepanda juu!"

Kabla ya mchana geti lilikuwa limerudi mahali pake. Mlinzi alilirudisha na vijana watatu. Haikuhitajika hata kumwita Fundi.

Mkewe hakumsemesha siku ile mpaka alipoingia kulala. Ndipo akasema, akiwa amegeukia ukutani, "Ungenambia tu kwamba huwezi."

"Nilidhani naweza."

"Ndiyo maana nasema."

*

Ujumbe wa watu wa chini ulikuja karakana katikati ya juma: Mama Wapangaji na wale waitikiaji wawili. Viti sita vilikuwa vimeshaonekana, kwenye gereji ya Mstaafu, ambako mtumishi wake alivipanga pamoja na vya kwake. Vilirudishwa vikiwa vimeoshwa. Jambo hilo halikubadilisha chochote.

"Fundi Geti," Mama Wapangaji alisema, na safari hii jina lilitamkwa kwa adabu, "na sisi tunataka letu."

"Geti?"

"Kwani sisi hatuna vitu? Lakini lisiwe la kung'oka kama la wale. La kwetu lichomelewe moja kwa moja."

Fundi alifuta mikono. Ilikuwa kazi kubwa, kubwa kuliko ya kwanza. Msusi, upande wa pili wa ukuta, alikuwa akimsuka mtoto wa jirani bure, ili mikono isikae. Mikono ilisimama.

"Mnataka likae wapi?" Fundi aliuliza.

"Wewe ndiye fundi. Wapi barabara ni nyembamba? Hatuna pesa za kufunga uwanja wa mpira."

Lilikuwa swali la kiufundi, na Fundi hakuwahi kudanganya katika swali la kiufundi. Alichukua tepu. Alipima chini kabisa kwenye mfereji, akapima kwenye duka la kona, akapima mbele ya vyumba vya Mama Wapangaji. Alirudi akipanda, akiandika tarakimu kwenye kiganja. Mwisho alipima hatua chache chini ya mlango wake mwenyewe, kati ya ukuta wa uani kwake na ukuta wa ghala la zamani. Alipima mara mbili.

"Hapa," alisema.

"Hapa," Mama Wapangaji alirudia. Alitazama juu kwenye geti la kijani, akatazama tepu, akaitazama nyumba iliyokuwa katikati. "Ninyi mtabaki nje yetu, Fundi. Lakini usichukulie vibaya. Si suala la ubaguzi, ni suala la upana wa barabara."

"Naelewa."

"Na kwa kuwa ninyi mmebaki katikati, hatutawatoza mchango. Tutafuata utaratibu uleule wa tamasha."

Msusi alitoka nje, nywele za bandia zimemning'inia kwenye vidole. "Mume wangu," alisema mbele ya wageni, bila kupandisha sauti, "kule kwenye duka la kona ilikuwa zaidi kwa kiasi gani?"

Fundi alitazama kiganja chake. "Nusu mita na kidogo."

"Nusu mita."

"Na kidogo."

"Ungeweza kuiweka mfukoni hiyo nusu mita, baba watoto."

Waitikiaji wawili walicheka kabla ya kutambua kwamba haikuwa mzaha. Mama Wapangaji aliaga.

*

Geti la pili lilisimamishwa wiki tatu baadaye. Lilipakwa rangi nyekundu, kwa sababu la kwanza lilikuwa la kijani. Watu waliochangia walipewa funguo za mlango mdogo uliokuwa ndani ya geti, na vilevile ilifanyika juu, ambako funguo zilibadilishwa baada ya tukio la viti. Nyumba ya katikati haikuwa imechangia popote, kwa heshima, kwa hiyo haikuwa na ufunguo wa popote. Ili kutoka, iliwabidi wamwite mlinzi wa juu au mlinzi mpya wa chini, kutegemea wanakokwenda. Mama yake Fundi aliita kwa kugonga sufuria.

Mwanzoni msusi alizoea kukaa barazani akisubiri. Wateja wa chini walisimama kwenye geti jekundu, wakaulizwa wanakwenda kwa nani, wakaudhika. Wengine waliangua kicheko: "Dada, umefungwa kosa gani?" Mmoja msusi alimsuka palepale, mteja kwenye kigoda nje, ameegemeza mgongo kwenye nondo, yeye kwenye kigoda ndani, mikono ikipita katikati. Nafasi kati ya nondo na nondo zilikuwa sawasawa kabisa. Alimaliza mistari yote, ila ya mbele ilimbidi mteja ageuke na kuweka uso kwenye vyuma, na watoto waliokuwa wakitazama walimcheka. Hakurudi tena.

Mwezi uliofuata msusi alikodi kiti kwenye saluni ya mwanamke mwingine, barabara kuu. Alimwita yule mwanamke bosi, ingawa msusi ndiye aliyemfundisha kusuka. Alitoka asubuhi, akamwita mlinzi wa juu, akaandikishwa. Jioni alirudi, akaandikishwa tena.

Walinzi wawili walikuwa wamefahamiana. Kazi yao ilikuwa kulindana, na hakuna aliyeweza kuifanya bila kumwona mwenzake, kwa hiyo walikaa pamoja kutwa kwenye baraza ya saluni, ambako kulikuwa na kivuli, wakicheza drafti kwa vizibo vya soda. Mama yake Fundi aliwapa chai. Alikuwa na vikombe viwili vyao, na alisema hao ndio majirani wa kwanza wenye adabu tangu ahamie.

Jumamosi moja asubuhi, Mstaafu na Mama Wapangaji walikuja pamoja. Mstaafu alishuka, Mama Wapangaji akapanda, wakakutana mlangoni, wakaingia kwa hatua moja. Msusi alikuwa nyumbani siku hiyo.

"Tumekuwa na kikao cha pamoja," Mstaafu alisema.

"Cha pande zote mbili," Mama Wapangaji aliongeza. "Tumekubaliana bila hata ubishi. Mzee hapa ni shahidi."

"Ni matunda ya tamasha. Nimesema hivyo kwenye ripoti."

"Ni kuhusu walinzi. Wanalowana mvua ikinyesha. Na hapa, dada yangu, naona hapatumiki."

"Palikuwa saluni," msusi alisema.

"Ndiyo, palikuwa. Tungepakodi kwa ajili yao. Kila upande utalipa nusu. Wewe utapata chochote kila mwezi bila kuvunja mgongo."

Msusi alimtazama mumewe. Fundi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, kofia mkononi. Aliwaza ada ya shule, na msusi aliona anaiwaza, kwa sababu na yeye alikuwa anaiwaza.

"Nusu kwa nusu?" msusi aliuliza.

"Nusu kwa nusu," walijibu wote wawili, kwa pamoja.

"Na ufunguo?"

Mstaafu alimgeukia Mama Wapangaji, Mama Wapangaji akamgeukia Mstaafu. "Hilo," Mstaafu alisema, "litaingia kwenye ajenda ya kikao kijacho."

Msusi aliomba wampe mpaka saa sita. Alitoa mashine ya kukausha nywele, akaifunga kwa shuka. Alitoa kopo la pini na vitana. Fundi aliteremsha kioo kikubwa ukutani, wakakishika huku na huku, wakakipitisha kwenye korido kwa ubavu, mama yake akitangulia kuondoa ndoo njiani. Wakakiegemeza chumbani, kimegeukia ukuta.

Saa sita na dakika chache walinzi waliingia na ubao wao wa drafti. Mlinzi wa juu alivua koti, akatafuta pa kuliweka, akalitundika kwenye msumari uliokuwa umebeba kioo.